Msiba Mkubwa wa Nyasindefu

“Hivi, shule hii ni ya nani?”

Hapo zamani za kale, enzi zile Fisi alipokuwa bado anaaminiwa kulinda nyama, swali hilo liliulizwa katika kijiji cha Nyasindefu, mchana kweupe, kwenye mkutano wa wazazi. Aliyeuliza alikuwa Nguchiro, mfupi wa kimo, mrefu wa mkia, na mwenye ulimi usiojua kukaa kitako.

Hakuna aliyejibu.

Angejibu nani, wadogo zangu? Mkutano wenyewe ulikuwa na watu watatu! Alikuwepo Nguchiro. Alikuwepo Mwalimu Korongo, amesimama kwa mguu mmoja kama kawaida yake. Na alikuwepo Fisi, aliyekuja mbio akidhani kuna wali.

“Kwani hakuna chakula?” Fisi akauliza, pua juu.

“Ni mkutano wa shule, Fisi.”

“Mkavukavu hivihivi?”

“Mkavukavu.”

“Ah! Basi mimi nina mgonjwa nyumbani.” Huyoo, akachechemea zake, tiki, tiki, tiki.

Nguchiro akaitazama shule. Paa liliondoka na upepo, halikurudi. Ukuta mmoja ulikuwa umepiga magoti. Watoto walikalia mawe, na mawe yenyewe yaliungua jua mpaka yakawa kama vikaango.

“Mama Siwema,” Mwalimu Korongo akasema, maana Nguchiro alikuwa na binti aliyeitwa Siwema. “Sitaki kukutisha, lakini nimechoka. Juzi niliandika ubaoni, mvua ikafuta kabla watoto hawajasoma. Watoto wa Nyati hufika jua likiwa utosini, eti wateke maji kwanza. Wengine husinzia kwa njaa. Nafundisha macho yaliyofumba! Karibuni mawingu ya masika yatakuja, na ndugu zangu korongo watapita hapa juu wakienda zao. Siku hiyo nikiinua kichwa nikawaona, mabawa yangu hayatanisikiliza. Nitaondoka nao.”

“Na watoto je, Mwalimu?”

“Watoto wana wazazi,” akajibu polepole.

Neno hilo lilimwasha Nguchiro kama upupu! Siwema wake alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha silabi. Jana yake tu alisoma “ma”, akasoma “ji”, kisha akaruka juu akipiga kelele: “Mama! Maji! Nimeyasoma maji!” Sasa Mwalimu akiondoka, mtoto abaki na nusu ya neno maisha yake yote? Thubutu!

Nguchiro akashika njia, chapuchapu, mpaka kwa Mzee Tembo, mwenyekiti wa kijiji.

“Hodi hapa!”

“Karibu, mtani! Karibu, kijiti cha kuchokolea meno!” Tembo akanguruma kwa furaha.

“Ahsante, mlima usio na njia.”

Msishangae, wadogo zangu. Ukoo wa Nguchiro na ukoo wa Tembo walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutania mbele ya wakwe zako. Hata msibani, watu wote wanalia, yeye anaweza kuja kukuvua kofia akakimbia nayo. Na mila inasema lazima ucheke. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako, na ya ukoo wako mzima.

“Mtani, nimekuja kwa ajili ya shule,” Nguchiro akasema. “Haina paa.”

“Pole zake. Mwalimu anasemaje?”

“Anasema anaondoka.”

“Basi ataletwa mwingine.”

“Atoke wapi?”

“Si hukohuko wanakotoka walimu!” Tembo akapunga masikio. “Sikiliza, mtani. Mimi kazi yangu nimeshaimaliza: nimezaa. Kufundisha ni kazi ya Korongo. Sasa mimi, kwa umri huu, niingie shuleni nikafanye nini? Nikaimbe a, e, i, o, u?”

Nguchiro akaenda kwa Nyati.

“Shule?” Nyati akacheua. “Mimi sikusoma. Mbona nina pembe?”

“Mzee Nyati, pembe huota hata kwa asiye na akili.”

“Unasemaje?”

“Nasema zimekaa vizuri!”

Akaenda mtoni kwa Mama Kiboko. Mama Kiboko hakutoka hata shingo.

“Nisemeshe hukohuko, mwanangu. Nikitoka majini ngozi yangu inapasuka.”

“Watoto wanashinda na njaa darasani, mama. Ungewapikia uji, hata siku mojamoja.”

“Uji? Watoto wa wenzangu? Kwani hawana mama zao?” Blup! Akazama.

Nguchiro akarudi nyumbani akisema peke yake njia nzima. Wavivu! Wachoyo! Wenye miguu minne isiyofika popote! Mara akakumbuka msiba wa Bibi Kobe, akasimama ghafla.

Bibi Kobe alipofariki, nani aliitwa mara mbili? Hakuna! Ngoma ililia, na kabla haijanyamaza Tembo alishafika na magogo ya kujengea kibanda cha waombolezaji. Nyati aliteka maji tangu alfajiri mpaka pembe zikatoka jasho. Na Mama Kiboko alitoka majini, akapika mchana kutwa mbele ya moto. Ngozi haikupasuka hata kidogo!

“Kumbe!” Nguchiro akaruka. “Kumbe wanaweza! Ila wanatokea kwa wafu tu! Haya. Kama ni mfu wanayemtaka, mimi nitawapa mfu.”

Asubuhi na mapema, yeye na Siwema wakaingia shuleni. Wakaushusha ubao kwenye ukuta, ule ubao mweusi uliopasuka katikati, wakaulaza juu ya mkeka. Wakaufunika shuka jeupe, kichwa mpaka miguu. Kisha wakazungushia pembe ile ya darasa khanga, ili asichungulie mtu.

“Mama, tunamlaza ubao?” Siwema akanong’ona.

“Amechoka, mwanangu. Muache alale.”

Halafu Nguchiro akaishika ngoma ya msiba. Ndu! Ndu! Ndu!

“Uwiii! Jamani Nyasindefu! Njooni! Yule aliyewapokea watoto wetu kila asubuhi! Aliyewavumilia kwa jua na kwa mvua! Leo amelala chini, wala hainuki! Uwiii!”

Kijiji kizima kikatimka! Vumbi, puuu! Tembo na Nyati wakakutana njiani, kila mmoja na mzigo wake.

“Hivi... marehemu ni nani?” Tembo akanong’ona.

“Kwani wewe hujui?” Nyati akanong’ona vilevile.

“Mimi? Najua sana! Nilikuwa nakupima wewe.”

“Ah, hata mimi najua.”

Hakujua huyu, hakujua yule. Lakini Nyasindefu, kufika msibani ukauliza nani amefariki ilikuwa aibu kuliko kufika bila nguo. Maana yake humjui jirani yako! Basi kila aliyekuja alikuja kwa kilio kwanza, maswali akayameza.

“Mtani! Pole sana!” Tembo akaingia na magogo begani, machozi chururu! “Marehemu alikuwa kama ndugu yangu wa tumbo moja. Kila asubuhi nilipita kumjulia hali.”

“Kila asubuhi, mtani?”

“Kila asubuhi! Hata jana!”

Nguchiro akauma ncha ya mkia wake asije akacheka.

“Mimi naye tumekua pamoja,” Nyati akaongeza, asiachwe nyuma. “Tumekula sahani moja.”

“Uwiii!” Fisi akalia kuliko wote, akijigaragaza. “Aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe: Fisi, siku yangu ikifika, nyama ya matanga ugawe wewe!”

Nguchiro akainua mkono. “Wazee wangu, tazameni kule.”

Wakatazama. Mawingu meusi yalikuwa yamejaa upande wa mashariki kama mitungi inayotaka kumwagika.

“Huyu amenyeshewa maisha yake yote akiwa wima. Mtakubali anyeshewe na leo akiwa amelala?”

“Haiwezekani!” Tembo akafoka. “Mimi nikiwa hai? Leteni nguzo!”

Ehee! Kazi ikaanza. Pu! Pu! Pu! Tembo akasimika nguzo. Ukuta uliopiga magoti ukasimamishwa, Nyati akakanyaga udongo na maji, chwa, chwa, chwa, ukapigwa lipu. Nyani wakapanda juu na mafungu ya nyasi, wakaezeka huku wakigombana. Mama Kiboko akatoka mtoni na sufuria kubwa kuliko kichwa chake, na kichwa chake mnakijua.

Mwalimu Korongo akafika na chaki zake, akaduwaa. “Mama Siwema! Nani amefariki?”

“Mwalimu, wewe fundisha tu. Kaa nao pale nje kivulini. Kwani msiba unakataza kusoma?”

Basi watoto wakasoma. “Ba, be, bi, bo, bu!” Sauti zikapaa juu ya milio ya mashoka. Sauti moja ilikuwa nene, ikisikika kuliko zote, tena haikosei.

Tembo akatulia na gogo hewani. “Sauti ile ni ya nani?”

“Mwanao huyo. Shamte,” Nguchiro akajibu.

“Shamte? Huyuhuyu anayeniangushia vyungu nyumbani?”

“Huyohuyo. Hapa haangushi kitu.”

 Gogo lile Tembo akalisimika taratibu, ili asifunike sauti.

Magogo yaliyobaki Nguchiro akayaonyesha kidole: “Na waombolezaji watakaa chini kama kuku?” Yakapasuliwa, yakawa mabenchi. Nyati akajaza mitungi ya maji mpaka shingoni. Uji ulipoiva Mama Kiboko akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria, ka! ka! ka! “Watoto kwanza! Msibani kwangu mtoto halii njaa!” Watoto wakanywa mpaka matumbo yakang’aa. Na waliposhiba, hee, herufi zilitoka kama risasi!

Hatimaye fungu la mwisho la nyasi likafungwa. Tembo akajifuta jasho kwa sikio.

“Haya, mtani. Mvua imekaribia. Tumwone marehemu, tuzike.”

 Wote wakamtazama Nguchiro. Hapakuwa na pa kukimbilia, na mwenyewe hakutaka kukimbia. Akavuta khanga. Akashika pembe ya shuka. Phwaa!

Shingo zote zikanyooka.

“Hiki nini?” Tembo akauliza.

“Marehemu.”

“Hiki ni kibao!”

“Ndiye yeye, mtani! Si ndiye uliyempitia kila asubuhi, hata jana? Mzee Nyati, si mmekua pamoja, mkala sahani moja? Na wewe, Fisi, nyama ya matanga ndiyo hiyo. Haya, gawa!”

Fisi akausogelea ubao, akaunusa, akaulamba. “Una chaki,” akasema kwa uchungu.

Tembo alivimba! Masikio yakasimama, mguu ukapanda juu kama kinu. “Umetukejeli! Kijiji kizima! Nitakuponda uwe unga!”

Siwema akapiga kelele. Nguchiro akajisimamisha chini ya ule mguu, mdogo kama kifuu, mikono kiunoni.

“Ponda! Ila waambie kwanza hawa wote: ni ukoo gani uliomkasirikia mtani wake msibani?”

Mguu ukabaki hewani. Tembo akaangalia kulia, macho yote kwake. Akaangalia kushoto, macho yote kwake. Mguu ukaanza kutetemeka. Mama Kiboko akashindwa kujizuia: “Kho! Kho! Kho! Kila asubuhi! Hata jana!” Nyani wakaanguka kutoka juu ya paa kwa kicheko. Mguu ukashuka polepole, ukatua pembeni.

“Lakini umetudanganya,” Tembo akanung’unika.

“Nimedanganya nini?” Nguchiro sasa alikuwa moto. “Nilisema aliyewapokea watoto wenu kila asubuhi amelala chini. Hakulala? Nilisema amenyeshewa maisha yake yote. Hakunyeshewa? Mimi jina sikulitaja, na ninyi hamkuliuliza. Aliyesema uongo hapa ni mimi, au ni wale waliokuja kumlilia wasiyemjua? Nilibisha hodi kwenu nikiomba msaada, mkaninyima. Leo mmeleta paa zima, mabenchi, maji, uji, tena bila kuombwa! Mfu mnamjengea, watoto wenu wazima mnawaanika juani! Narudia kuuliza: hivi, shule hii ni ya nani?”

Safari hii walikuwa kijiji kizima. Na bado hakuna aliyejibu.

Pa! Tone likadondoka juu ya pua ya Nyati. Pa! Pa! Papapapa! Mvua ikafunguka, na wote wakajibanza ndani, wakubwa kwa wadogo, pembe na mikia, wakabanana kwenye mabenchi mapya. Wakainua macho. Paa halivuji! Hata tone!

Mwalimu Korongo akauokota ubao, akaupangusa, akautundika ukutani. “Shamte, njoo mbele. Tuandikie neno.”

Shamte akatoka, mkubwa, mwenye haya, chaki imemezwa na mkonga wake. Kwi, kwi, kwi, akaandika.

“Umeandika nini?” Tembo akauliza.

“Jina lako, baba.”

“Hilo? Mbona fupi? Mimi mkubwa hivi!”

“Ndivyo linavyoandikwa, baba.”

Tembo akasogea. Akanyoosha mkonga, akaugusa ubao kwa pembeni kabisa, asije akafuta. 

Ndipo ikasikika sauti kutoka juu, juu kabisa, katikati ya ngurumo: “Kroo! Kroo! Kroo!”

Korongo! Walikuwa wanapita!

 Nguchiro akaushika mkono wa Siwema, akaubana. Mabawa ya Mwalimu yakacheza, frr, frr. Shingo yake ndefu ikanyooka. Akainua kichwa.

Akaona nyasi. Nyasi nene, mpya, zimefungwa safu kwa safu.

“Kroo! Kroo!” Sauti ikaanza kwenda mbali.

“Siwaoni,” Mwalimu akasema.

“Wako juu yako, Mwalimu,” Siwema akasema kwa sauti ndogo.

“Labda. Lakini mimi naona paa tu.” Akakunja mabawa yake, akainua mguu mmoja, akasimama kama kawaida yake. “Haya, Siwema. Tuliishia wapi?”

“Ma-ji, Mwalimu!”

“Endelea.”

 Tembo akakohoa nyuma ya Nguchiro, hoh, hoh, kama mtu mwenye mwiba kooni.

“Mtani. Lile swali lako.”

“Lipi?”

“Ah, unalijua, kijiti wewe! Jibu lake ni hili: ni yetu.”

“Ni yetu?” Nguchiro akamgeukia, macho yanang’aa. “Basi sisi ndio wafiwa! Na msiba una matanga yake. Wafiwa hukaa, majirani huja kwa zamu na chakula, wala hakuna wa kuondoka mpaka wazee waseme matanga yaanuliwe. Au mila mmeisahau?”

Wakatazamana. Wamenaswa tena! Nyati akatikisa pembe, akacheka. “Hiki kinyama kidogo kina mtego ndani ya mtego!”

Ikawa matanga. Zamu ya Mama Kiboko ilikuwa uji. Nyati aliteka maji mwenyewe, na ndama wake wakafika darasani umande haujakauka. Tembo aliwavusha watoto mtoni, kisha jioni akakaa na Shamte kivulini akisema, “Nisomee. Sielewi kitu, lakini nisomee.” Fisi aliomba zamu ya sufuria. Akapewa kupuliza moto.

Mtihani ulipokuja, wadogo zangu, ilikuwa shangwe! Siwema alisoma ukurasa mzima bila kupumua. Shamte aliongoza hesabu. Hata ndama wa mwisho wa Nyati, aliyekuwa hajui kushika chaki, alifaulu, baba yake akalia machozi ya kweli safari hii.

Na matanga yale? Wazee wa Nyasindefu hawajayaanua mpaka leo.

Mwalimu mmoja humfundisha mtoto, lakini kijiji kizima ndicho kinachomfaulisha.

Nami nawaomba jambo moja tu: kesho mkienda shule, kila mmoja wenu amshike mkono mtu mzima mmoja wa nyumbani kwao, aende naye.